Sawa kwa Sawa Mpaka Gotini

Picha ya goti la Adil ilibandikwa kwenye kioo cha dirisha la sebuleni kwa Zeyana, upande unaopigwa na jua la asubuhi, ili kila anayeingia kumpa pole mtoto aione hata kabla hajavua viatu. Karatasi nyeusi ngumu, pana kama sinia, na ndani yake goti moja limekatwakatwa vipande kama mkate wa kumimina. Zeyana alisimama kando ya dirisha na kijiti mkononi, akiwafundisha wageni.

"Hapa ndipo palipochanika. Mnakaona haka kamstari keupe? Hapa hapa. Hiyo ni MRI, si mchezo. Mtoto anaingizwa kwenye tundu kama mkate unavyoingizwa tanurini, mashine inagonga ngo ngo ngo, na yeye haruhusiwi hata kukohoa."

"Subhanallah," wakasema wageni.

"Mama naye," alisema Adil kutoka kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya mto na magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikwishachoka kuwa maonyesho. "Watu wamekuja kunisalimia mimi, wewe unawauzia picha."

Wageni wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Ashatu, mke mdogo wa Mahfoudh, alikaa pembezoni mwa mkeka na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Alikuwa akiitazama ile karatasi jinsi mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Maana na yeye alikuwa na mtoto mwenye goti. Maulida wake, mwenye miaka kumi na miwili, mnene kidogo, mtoto wa kushiba, alianza kuchechemea tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Akaenda zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na neno moja: anakua huyo. Akapelekwa Mkange kwa wajomba, akachuliwa goti kwa mafuta ya nyonyo mpaka akapiga yowe. Akarudi nyumbani Dunda, hapa Bagamoyo, anachechemea vilevile. Hakuna aliyembandika dirishani.

Mahfoudh alikuwa na nyumba mbili Dunda, ya Zeyana mke mkubwa na ya Ashatu, zimepishana mtaa mmoja, na duka moja la vifaa vya ujenzi katikati. Mji mzima ulimjua kwa kupima. Akinunua changu wa kilo huku, kilo nyingine inakwenda kule. Doti ya khanga hapa, doti hapa. Msikitini alitolewa mfano kwa waume wengine, na sifa hiyo aliivaa kama kanzu iliyopigwa pasi.

Lakini Ashatu hakuwa mtu wa kusahau. Friji mbili zilinunuliwa siku moja, kweli, ila iliyokuja kwake ilikuwa imebonyea mlango. Nyumba zote mbili zina bati jipya, kweli, ila la Zeyana lilipigwa kabla ya masika na la kwake baada ya masika, na godoro lililoloa katikati ya masika hayo lilikuwa la nani? Alikumbuka nani alitangulia kula na nani aliambiwa subiri. Shule aliiachia darasa la saba huko Mkange, kwa sababu sekondari ilikuwa mbali na baiskeli alipewa kaka yake. Tangu hapo alijisomesha mwenyewe, kwa redio, kwa darsa za msikitini, kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi. Siku ya mkutano wa maji alisimama akamuuliza mwenyekiti maswali mpaka mkutano ukaahirishwa. Na ule mwaka wa kura, lilipopita gari lenye kipaza sauti likiahidi kwamba mashine za kisasa zitafika mpaka hapa hapa, watu walipiga vigelegele wakasahau. Ashatu anakumbuka hata rangi ya shati la yule aliyeahidi. Mji huu uliwahi kuwa makao makuu ya Wajerumani, na leo mtu akitaka kuona ndani ya goti la mwanawe anakwenda Dar es Salaam. Na anayekwenda Dar es Salaam ni nani? Mtoto wa Zeyana.

Zamu yake ilipofika, alimwacha Mahfoudh ale kwanza.

"Baba Maulida."

"Naam."

"Mtoto wa kiume ana goti. Mtoto wa kike hana?"

"Ana nini?"

"Goti."

Mahfoudh akacheka, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Adil aligongwa uwanjani, Ashatu. Daktari wa mifupa ndiye aliyeagiza ile picha. Sikuamka tu nikasema leo nampeleka mwanangu kupigwa picha."

"Mwanangu. Umesema mwenyewe. Mwanangu."

"Astaghfirullah! Na Maulida ni wa nani?"

"Ndilo ninalouliza mimi. Maana mwenzake anatazamwa mpaka ndani ya uboho, yeye anapakwa mafuta kama chapati."

"Basi mpeleke hospitali, aonwe na daktari. Akisema MRI, wallahi tunakwenda."

"Umeapa."

"Nimeapa, mwanamke, niache nimeze."

Kwa hiyo Ashatu alikwenda hospitali akiwa amekwishajua anachokifuata. Alimkuta Daktari Najim, kijana mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akamweleza habari ya goti, la kushoto. Daktari akalibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha. Maulida hakulia. Kisha akamwambia alale chali, akaushika mguu na kulipandisha paja kuelekea tumboni, na paja likakataa kwenda sawa. Likajitupa nje, kama mlango uliolegea bawaba. Hapo mtoto akalia.

"Mama," alisema daktari, "nataka eksirei ya nyonga. Zote mbili. Leo hii, hapa hapa."

"Nyonga?"

"Nyonga."

"Mwanangu analia goti, daktari. Goti liko huku chini."

"Najua. Mtoto wa umri huu, nyonga ikiharibika, maumivu yanashuka yanasikika gotini. Goti lenyewe sina wasiwasi nalo. Nyonga ndiyo inanitia hofu. Na mpaka tuione, asiukanyage mguu huu. Hata kwenda chooni abebwe."

Hapo ndipo Ashatu alipoacha kusikia vizuri. Alichosikia ni kwamba mtoto wa Zeyana goti lake linastahili mashine ya Dar es Salaam, na mtoto wake anastahili eksirei ya hapa hapa, ile anayopigwa kila aliyeanguka na bodaboda. Akamtazama daktari. Kijana huyu ananunua rangi duka la nani? Nani kamtumia ujumbe asubuhi kwamba mke mdogo anakuja, mpooze?

"MRI je?"

"Haina haja kwa sasa. Eksirei inatosha kunionyesha."

"Inatosha," Ashatu alirudia. Neno hilo alilifahamu sana. Maisha yake yote kulikuwa na mtu wa kumwambia inatosha. "Tutakuja kesho, daktari."

"Si kesho, mama. Ni hapo mlango wa pili tu."

"Kesho," alisema Ashatu, akamwinua mtoto. Alikodi bajaji mpaka mlangoni, lile la kutokanyaga alilitii. Lakini ndani ya bajaji alimshika Maulida kidevu. "Baba yako akikuuliza, daktari ametazama goti. Umesikia? Goti."

"Na nyonga?"

"Nyonga hujaisikia."

Mahfoudh aliambiwa daktari kasema lazima goti lipigwe picha kubwa kama ya Adil. Alikuna kichwa, akanung'unika, lakini alikuwa ameapa, na juu ya kiapo kulikuwa na sifa. Jirani yake wa dukani alikuwa tabibu wa zahanati. Akamwandikia karatasi ya MRI ya goti la kushoto bila hata kumwona mtoto, kama fundi anavyoandikiwa mifuko ya saruji. Wakaenda Dar es Salaam, mahali palepale, mashine ileile. Ashatu alihakikisha ni ileile; alimuuliza mpokezi mara mbili. Maulida akaingizwa kwenye tundu, ikagonga ngo ngo ngo, na nje ya kioo mama yake alisimama amejifunga khanga kifuani, uso umetulia kama wa aliyeshinda kesi.

Karatasi ikaja. Nyeusi, ngumu, pana vilevile. Na jibu likaja nayo: goti zima. Hakuna mchaniko, hakuna maji, hakuna kitu.

"Alhamdulillah," alisema Mahfoudh, na kweli uso wake uling'aa.

Ashatu aliibandika picha kwenye dirisha lake asubuhi iliyofuata, akamwita Biubwa, shoga yake wa mtaani, mwenye ulimi usiolala.

"Mashallah, na wewe umeletewa!" alisema Biubwa, akaisogelea. "Sasa kilichochanika kiko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna? Mbona ya mwenzio ina kamstari?"

"Nimekwambia hakuna, Biubwa. Goti zima."

"Haya." Biubwa akaitazama tena, akakunja mdomo. "Basi nzuri. Ila ya mwenzio ina la kusema."

Alipoondoka, Ashatu alibaki mbele ya ile picha na wivu ukamla upya, wivu wa ajabu ambao angeona haya kumwambia hata Mungu wake. Kwamba hata ugonjwa, Zeyana kapewa unaoonekana. Mtoto wake anaumwa kwa ushahidi, anaumwa na watu wanamwamini. Wa Ashatu anachechemea mbele ya karatasi inayosema ni mzima.

Na karatasi hiyo ikawa hukumu. Mahfoudh alipokuja tena zamu yake, alimkuta Maulida amelala kochini na kusema, "Wewe binti, picha imesema mzima. Kesho shule. Huu sasa ni uvivu."

Maulida akamtazama mama yake.

Kilikuwa kitambo kifupi tu. Ashatu angeweza kusema, daktari kakataza asikanyage. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini neno hilo lilikuwa na mkia, na mkia wake ulikuwa nyonga, na nyonga ingeuliza: ulijua, ukamsafirisha mtoto Dar es Salaam kupiga picha ya kiungo kizima ili ufanane na nani? Mahfoudh angelisimulia nyumba ya pili. Zeyana angelisikia. Zeyana angeinamisha kichwa kwa huruma, na huruma ya Zeyana ndiyo ambayo Ashatu hakuweza kuimeza.

"Usikimbie tu," alimwambia mtoto.

Asubuhi Maulida akavaa sare, akaenda. Njia ya shule ilipita kwa Zeyana. Jua halijakolea, Ashatu akasikia bajaji ikisimama nje, na sauti ya mke mwenzake ikimwambia dereva amshike taratibu, huyo ni mtoto si gunia. Zeyana aliingia amemkumbatia Maulida, buibui limeshuka begani, na nyuma yao Adil akirukaruka kwa magongo.

"Nimemkuta ameng'ang'ania ukuta wangu," alisema Zeyana. Hakutoa hata salamu, yeye asiyekosa salamu. "Mguu umegeuka, unyayo unatazama pembeni. Mtoto anatoka jasho la baridi. Ashatu, nini hiki?"

"Picha imesema mzima."

"Picha naiona ipo dirishani. Mimi nakuuliza mtoto."

"Goti halina kitu, nenda kamuulize mumeo."

"Simuulizi Mahfoudh, yeye mtu akimwonyesha karatasi anaamini. Mwanzoni ulimwona daktari wa hapa. Alisema nini?"

Zeyana akapiga magoti mbele ya kochi, akamshika Maulida mkono. "Mama, niambie wewe. Daktari alisema nini siku ile?"

Mtoto alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Akayafumbua, akamtazama mama yake, akayarudisha kwa Zeyana.

"Sikumbuki, mama mkubwa," alisema. "Alisema goti."

Alikuwa anaungua, na bado anamfichia. Ashatu alijua chuki za aina nyingi, alizihifadhi kila moja na mwaka wake, lakini hakuwahi kuihisi chuki iliyomgeukia yeye mwenyewe.

"Nyonga," alisema. "Alisema nyonga. Alitaka eksirei ya nyonga siku ileile, nikakataa. Alisema asikanyage. Haya, cheka."

Zeyana hakucheka. Wala hakuinamisha kichwa. Aligeuka tu akapiga kelele kuelekea barabarani: "Wewe dereva! Usiondoke!"

Daktari Najim hakuuliza sana. Maulida akalazwa kwenye meza ya eksirei, akapigwa picha ya kwanza miguu imenyooka, ya pili magoti yamekunjwa na kufunguliwa nje kama chura. Muda mfupi baadaye daktari alimwita Ashatu mbele ya kompyuta, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Huku kulia ni kuzima. Hiki ni kichwa cha mfupa wa paja, kimekaa juu ya shingo yake kama kifuniko juu ya chungu. Kwa mtoto anayekua, hapa katikati pana sehemu laini, haijawa mfupa bado. Sasa tazama kushoto."

Ashatu akatazama. Hakuhitaji kufundishwa. Kifuniko kilikuwa kimeteleza.

"Huwapata watoto wa umri wake, hasa wenye mwili. Si kosa la mtu. Anahitaji upasuaji, aingizwe skrubu ya kukishikilia hapo kilipo kisiteleze zaidi. Wanaiingiza huku wakiitazama kwa eksirei, hawafungui pakubwa. Kikiachwa, damu inaweza kukatika, kichwa cha mfupa kikafa. Na hii ya kulia nayo tutaipiga picha kila baada ya muda, maana wakati mwingine na ya pili hufuata."

"Kimeteleza kiasi gani tangu siku ile nilipokuja?"

Daktari akaiweka kalamu chini. "Sijui, mama. Ningekuwa na picha ya siku ile ningeziweka pamoja, nikakwambia. Sina."

Alisema taratibu tu, bila ukali. Ashatu angependa ukali. Ukali angeujibu.

Mahfoudh alifika anahema, unga wa saruji kwenye mikono. Daktari alikuwa kwenye simu na hospitali ya Dar es Salaam, akirudia majina na miaka, akisikiliza, akitikisa kichwa. Alipokata simu aliwaambia: daktari bingwa yupo, lakini Alhamisi hii, siku yake ya kupasua, nafasi zimejaa, na zinazofuata ni za wiki ijayo. Watajaribu kumpenyeza. Yeye Najim hapendi mtoto asubiri mpaka wiki ijayo.

"Alhamisi ni ya Adil," alisema Zeyana kutoka mlangoni. "Kwa bingwa huyohuyo. Apewe Maulida."

Mahfoudh akageuka. "Zeyana..."

"La Adil linaweza kungoja, au haliwezi, daktari?"

"Linaweza," alisema Najim. "Akiacha mpira, linaweza."

"Dah, nishaacha, dokta," alisema Adil, ameegemea magongo. "Dogo atangulie tu. Mimi nyumbani naletewa juisi mpaka kitandani, nikimbilie kisu cha nini?"

Maulida akacheka kwenye machela, kicheko kidogo chenye machozi.

Mahfoudh akamtazama mke mkubwa, akamtazama mke mdogo. Mizani yake haikuwa na jiwe la kupimia jambo hili.

Na Ashatu? Alisema ahsante. Ilitoka kavu, lakini ilitoka. Ila ndani mwake, mtu asidanganywe, moto haukuzimika. Ulibadili kuni tu. Miaka yote aliidai nusu yake, akaililia, akaipigania mpaka kwenye goti, na leo kapewa zaidi ya nusu bila kuomba, na kapewa na Zeyana. Friji angeweza kuirudisha. Bati angeweza kuling'oa. Hii angeirudisha vipi? Alimtazama mke mwenzake akimfunika Maulida kwa buibui lake asipigwe na baridi ya feni, na alichokionea wivu sasa hakikuwa mashine, hakikuwa picha, hakikuwa mume. Alitamani yeye ndiye angekuwa na kitu mkononi, akakitoa mbele za watu kwa urahisi ule.

Alhamisi, Dar es Salaam, kabla ya adhuhuri, muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. Mahfoudh alikuwa amekwenda chini kwenye duka la dawa. Ashatu akamvua mtoto hereni, akamsomea alichokihifadhi, akampulizia usoni.

"Mama mkubwa hajaja?" aliuliza Maulida.

"Mimi nipo."

"Najua upo. Alisema atakuja."

"Yuko Bagamoyo na kaka yako. Mbali."

"Alisema nikiingia ataniombea. Anajua saa ngapi naingia?"

Muuguzi akatazama mlango wa chumba cha upasuaji, akamtazama mama. Ashatu alihisi kitu kikimchoma chini ya titi, pale pale pa siku zote. Hata hapa. Hata dakika hii. Akatoa simu kwenye pochi, akatafuta jina, akapiga. Haikuita hata mara mbili.

"Ashatu? Vipi? Ameingia?"

"Anaingia sasa. Anakuulizia," alisema Ashatu, akaiweka simu kwenye sikio la mwanawe, akaishikilia hapo kwa mkono wake mwenyewe. Sauti ya Zeyana ilitoka ndogo, ikisoma dua, na uso wa Maulida ukalegea, na mabega yakashuka. Ashatu aliyaona yakishuka. Aligeuza macho ukutani, lakini mkono hakuuondoa mpaka dua ilipokwisha na mtoto akasema amin.

Ndipo akairudisha simu sikioni kwake.

"Ashatu, mdogo wangu," Zeyana alikuwa akisema, "nataka ujue kwamba..."

"Baadaye," alisema Ashatu, akakata. Kisha akakamata ukingo wa kitanda, upande wa mguu wa kushoto, akasaidiana na muuguzi kukisukuma.